Nkongolo na Mpwa Wake: Hadithi Inayonyamaza Mapema

Hadithi ya Nkongolo Mwamba na mpwa wake Kalala Ilunga yajulikana na wengi katika nchi zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba, na hata ng'ambo ya Lualaba. Chama cha Mbudye, ambacho kazi yake ilikuwa kutunza habari za ufalme wa Waluba, kiliwafundisha watu wake kwa msaada wa lukasa, ule ubao mdogo wenye shanga na michoro, ambao mzee aliupitisha kidole huku akitaja wafalme na mahali pao. Padri Colle, mmoja wa Mapadri Weupe, aliwaandikia Wazungu habari za Waluba katika kitabu chake cha mwaka 1913. Mwaka 1972 Luc de Heusch aliifafanua hadithi hii katika kitabu kiitwacho Le roi ivre, yaani Mfalme Mlevi. Mwaka 1981 Thomas Reefe aliipima kwa macho ya mwanahistoria, na mwaka 1984 yakatolewa masimulizi yaliyokusanywa na mmisionari wa Kiprotestanti, Harold Womersley. Lakini wasomaji wetu wengi waliisikia kwa babu zao kabla ya kuiona katika kitabu chochote.

Kwa kawaida hadithi hii husifiwa kwa sababu moja tu: mfalme mbaya anashindwa, na mfalme mwema anatawala. Sisi twaona sifa hiyo ni haba, tena yaweza kutudanganya. Hadithi ya Nkongolo ina mambo mazuri kuliko hayo, na pia ina upungufu ambao twapaswa kuutaja wazi, maana watu wa nchi hii wangali wakigombania viti vya wazee wao. Basi tuipime kwa makini, nasi tutatumia kipimo cha hadithi nyingine ya kale, ile ya Wagiriki wa mji wa Thebes.

Hadithi yenyewe

Nkongolo alikuwa mtu mwekundu, mwenye nguvu, mlevi na mkali. Jina lake ni la upinde wa mvua, ambao wazee walisema ni nyoka anayezuia mvua isinyeshe. Alitiisha nchi nyingi, akajitwalia hata dada zake mwenyewe kuwa wake. Siku moja akafika mgeni kutoka mashariki, ng'ambo ya Lualaba, yaani kutoka upande wa kwetu: mwindaji Mbidi Kiluwe. Nkongolo alimkaribisha, akampa dada zake Bulanda na Mabela. Lakini wageni hao wawili hawakuweza kukaa pamoja kwa muda mrefu. Mbidi akarudi kwao, na Bulanda akazaa mtoto wa kiume, Kalala Ilunga.

Mtoto akakua katika nyumba ya mjomba wake. Akawa hodari wa vita, hodari wa kucheza ngoma, hodari wa mchezo wa mpira. Alimsaidia Nkongolo kushinda maadui, na kila ushindi ukazidisha wivu wa Nkongolo. Wengine husimulia ya kuwa siku Kalala alipomshinda mjomba katika mchezo, mama yake Nkongolo alicheka, naye mwanawe akamzika mzima. Mwishowe Nkongolo akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma juu yake. Lakini mpiga ngoma akamwonya kijana kwa mapigo ya ngoma. Kalala akaujaribu mkeka kwa mkuki wake, akaona hila, akaruka na kukimbia mpaka ng'ambo ya Lualaba kwa baba yake. Nkongolo akashindwa kuuvuka mto. Kalala akarudi na jeshi la Mbidi, Nkongolo akajificha katika mapango, akakamatwa, akakatwa kichwa. Kalala Ilunga akawa Mulopwe, mfalme wa Waluba.

Je, mambo hayo yalitokea hivyo? Waandishi wa zamani za ukoloni walitaka kumpa Nkongolo mwaka wake na Kalala mwaka wake, kana kwamba yalikuwa yameandikwa katika daftari ya ubatizo. De Heusch na Reefe, kila mmoja kwa njia yake, wametuonyesha kwamba hadithi hii haisomwi namna hiyo. Ni fundisho juu ya ufalme, limevikwa mwili wa watu. Twakubali. Lakini fundisho nalo lapimwa: lasema nini, na limenyamaza wapi?

Uzuri wake

Jambo la kwanza la kusifiwa ni namna hadithi inavyoonyesha tofauti ya watawala wawili. Haitupi maneno makubwa juu ya wema na ubaya. Yatuonyesha watu wakila. Nkongolo anakula na kunywa mbele ya wote, anacheka kwa kinywa wazi, analewa. Mbidi anakula peke yake, amejificha nyuma ya kiambaza, wala hapendi kuonwa anapokunywa. Msikilizaji anaelewa mara moja. Mtu asiyeweza kujizuia mbele ya chungu cha pombe atajizuiaje mbele ya mali na mabinti za watu? Wafalme wa Waluba waliishika desturi ya kula faraghani, na ambaye hakujua sababu yake aliipata katika hadithi hii. Hapo msimulizi wa kale alikuwa fundi kweli.

Jambo la pili halijasemwa vya kutosha. Kalala Ilunga ana haki mbili mkononi. Kwa baba ni mwana wa Mbidi, mwenye damu ya utawala inayoitwa bulopwe. Kwa mama ni mpwa wa Nkongolo. Waluba wa nchi ya kati huhesabu ukoo kwa baba, nao wanaposikiliza husema: alitawala kwa sababu ya Mbidi. Lakini Watabwa, majirani zetu wa kusini, huhesabu ukoo kwa mama, na kwao mrithi wa mjomba ni mpwa. Mtabwa akiisikiliza hadithi hiyohiyo atasema: alitawala kwa sababu ya Bulanda, alichukua kilicho chake, ila alikichukua kabla ya wakati. Twadhani hii ni sababu mojawapo iliyoifanya hadithi hii isafiri mbali na kupokelewa na watu wa desturi mbalimbali. Kila mmoja alikuta mlango wa kuingilia.

Lakini nguvu hiyo ndiyo udhaifu wake pia. Hadithi yenye milango miwili haimwambii mtu ni mlango upi ulio wa haki siku mzee anapokufa na warithi wakiwa wawili.

Nyumba ya Thebes

Sasa tuvuke bahari. Wagiriki nao walikuwa na nyumba ya kifalme iliyoanza kwa ndoa ya haramu: Oedipus, mfalme wa Thebes, alimwoa mama yake bila kujua. Aliacha wana wawili, Eteocles na Polynices. Wakapatana kutawala kwa zamu, mwaka mmoja huyu, mwaka wa pili yule. Zamu ilipofika, Eteocles alikataa kushuka. Polynices akaenda mji wa Argos, akaleta jeshi la ugenini juu ya mji wake mwenyewe, kama Kalala alivyoleta watu wa baba yake. Ndugu wawili wakauana siku moja.

Msimulizi mvivu angemaliza hapo. Wazee wetu wangesema fahali wawili hawakai zizi moja, na watu wangerudi nyumbani. Lakini Sophocles, aliyeutoa mchezo wake Antigone katika mji wa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, ndipo hapo anapoanza. Vita vimekwisha. Utawala umemwangukia Creon, naye ni nani? Ni mjomba, kaka wa mama yao. Anatoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima, na Polynices aachwe nje aliwe na mbwa na ndege, maana ni adui wa mji. Dada yao Antigone anakataa. Anakwenda kumtupia maiti udongo. Creon anaamuru afungiwe pangoni akiwa hai, na kwa ajili ya jambo hilo anampoteza mwanawe na mkewe, wote wawili wakijiua. Mwisho wa mchezo Creon angali mfalme, lakini hana nyumba.

Tuangalie jinsi mambo yalivyopangwa. Swali la nani atawale, Sophocles analipita upesi. Swali lake ni hili: mshindi ana haki gani juu ya maiti ya aliyeshindwa, na ni nani atakayemwambia hapana? Analiweka swali hilo kinywani mwa dada.

Tusidhani kwamba mchezo huo uliwatengeneza Wagiriki wakawa watu wa amani. Sophocles alikuwa amekufa miaka themanini na zaidi wakati Alexander alipofariki Babuloni mwaka 323 kabla ya Kristo. Alexander aliacha ndugu wa baba mmoja, Arrhidaeus, mwenye akili dhaifu, na mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mama yake Roxane. Majemadari wakawafanya wote wawili kuwa wafalme, ili wapate kutawala kwa majina yao. Mwaka 317 Olympias, mama yake Alexander, akaamuru Arrhidaeus auawe. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akauawa. Miaka michache baadaye jemadari Cassander akamwua Roxane pamoja na mwanawe kwa siri. Nyumba ya Alexander ikazimika, na majemadari wakagawana nchi na kujiita wafalme. Watu hao walizijua hadithi za Thebes, hawakukosa mafundisho. Basi hadithi haizuii panga. Lakini huwapa watu maneno ya kumhukumu mwenye panga, na hiyo si kazi ndogo.

Wana wa Kalala

Je, hadithi yetu iliwapa Waluba maneno gani? Tutazame yaliyotokea. Kila mfalme wa Waluba alihesabiwa kuwa wa damu ya Kalala Ilunga, na kila mwana wa mfalme angeweza kudai kiti. Wana hao walikuwa wa baba mmoja na wa mama mbalimbali, na nyuma ya kila mmoja walisimama wajomba na ndugu za mama yake, wakiwa tayari na mishale. Mfalme mkuu Ilunga Kabale alipokufa, yapata mwaka 1870, wanawe walipigana, akashinda Kasongo Kalombo. Mwingereza Cameron alifika nchini kwake mwaka 1874, akakuta huko mfanya biashara Juma Merikani aliyetoka upande wa pwani ya mashariki, na Alves aliyetoka upande wa Angola. Bunduki ziliingia, watu wakatoka katika minyororo. Baada ya kifo cha Kasongo Kalombo, katika miaka ya 1880, vita vya warithi vilianza tena. Mwishowe ufalme ukapasuka sehemu mbili, ya Kasongo Niembo na ya Kabongo, na utawala wa Wabelgiji ukautia mpasuko huo muhuri. Kasongo Niembo aliyewapinga alishikwa mwaka 1917, akapelekwa uhamishoni Buta.

Hakuna hata mmoja wa wadai hao aliyekuwa mgeni. Wote walikuwa Kalala Ilunga machoni pao wenyewe, na kila mmoja alimwona ndugu yake kuwa ni Nkongolo. Huu ndio upungufu tunaoulaumu katika hadithi. Inamhalalisha mshindi kwa kumchafua mno aliyeshindwa. Ukisha kusikia kwamba Nkongolo alimzika mama yake akiwa hai, huulizi tena kama ilifaa kumkata kichwa. Na kijana anayeisikia usiku, kesho anapogombania kiti anajua la kufanya: amtangaze mwenzake kuwa mlevi na mnyama, kisha yote yamekuwa halali.

Kichwa

Hapo twafika penye kiini. Kichwa cha Nkongolo kilikwenda wapi? Wasimulizi wengine husema kilitiwa katika kikapu, wengine husema kichuguu cha mchwa kiliota juu yake. Hadithi inataja jambo hilo haraka na kupita. Hata hivyo katika desturi, fuvu la mfalme wa Waluba aliyekufa lilihifadhiwa katika kikapu na kutunzwa na mwanamke aliyeitwa Mwadi, ambaye roho ya mfalme ilisemekana kumkalia. Maana yake mtawala mpya hamwondoi kabisa yule wa kale. Anakaa karibu na kichwa chake, na kukiogopa.

Lakini Bulanda yuko wapi? Tumfikirie mama huyu. Aliyeuawa ni kaka yake. Aliyeua ni mwanawe. Hakuna mtu katika hadithi nzima aliye na msiba wa namna yake, wala Antigone mwenyewe hakusimama mahali pagumu kama hapo. Na katika masimulizi yanayojulikana sana, Bulanda hapewi neno. Alizaa mfalme, akatoweka. Mgiriki alimweka dada katikati ya uwanja; sisi tulimwacha nyuma ya nyumba. Kama wazee wa Mbudye walikuwa na kilio chake mahali fulani, hakikutufikia katika vitabu.

Wasomaji wa Kitabu cha Samweli watakuwa wamekwisha kuona kwamba hadithi hii ni jirani ya ile ya Sauli na Daudi. Huko nako kuna mfalme mwenye wivu, na kijana hodari anayepiga kinubi na kuepa mkuki. Lakini Daudi hakumwua Sauli alipompata pangoni. Na Wafilisti walipomkata Sauli kichwa na kuutundika mwili wake ukutani, watu wa Yabeshi-Gileadi walikwenda usiku kuuchukua na kuuzika, naye Daudi, aliyekuwa na faida katika kifo hicho, aliwabariki na kumlilia Sauli. Hiki ndicho kitendo kinachokosekana katika hadithi yetu.

Tena kichwa kisichozikwa si jambo la hadithi tu hapa kwetu. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga boma Mpala mwaka 1883, walimshambulia Lusinga, sultani wa Watabwa katika milima ya Marungu. Lusinga alikuwa amejikuza kwa bunduki na kwa kuuza watumwa, na hatuna nia ya kumfanya mtakatifu. Storms naye alitaka kuwa mkubwa wa ziwa. Lusinga akauawa, akakatwa kichwa, na Storms aliporudi Ulaya alichukua fuvu hilo pamoja na mafuvu ya wakubwa wengine wawili. Mwaka 1885 boma la Mpala likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1886 fuvu la Lusinga likaonyeshwa Brussels mbele ya wataalamu, likapimwa na kuandikiwa habari, kisha likahifadhiwa katika makumbusho. Kikapu cha Waluba kiliogopwa na kulindwa. Sanduku la makumbusho lilipewa namba. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa mahali pake Brussels. Kuondoa sanamu ya mshindi ni jambo moja, na kumzika aliyeshindwa ni jambo jingine. Kanisa lahesabu kuzika wafu kati ya matendo ya huruma, wala halikuongeza neno kusema: wafu wema tu.

Wajibu wa msimulizi

Mtu atasema: mambo hayo ni ya kale, kwa nini kuyachambua? Twajibu kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 25 Agosti 2015 kuhusu watawala wa kimila inaiachia mila ya mahali kazi ya kuonyesha mrithi, na serikali humtambua. Na mila imewekwa wapi? Sehemu kubwa imewekwa katika hadithi kama hii. Mtu anapokuja mbele ya baraza kudai kiti cha marehemu, anakuja na hadithi mdomoni: babu yangu alikuwa Kalala, babu yake alikuwa Nkongolo. Basi aliyejifunza kuipima hadithi hatapokonywa akili yake kwa urahisi.

Hatuombi hadithi igeuzwe. Kuwatungia wazee maneno ambayo hawakuyasema ni uongo, na Bulanda hatuwezi kumpa kilio cha kuazima kutoka kwa Wagiriki. Twaomba isimuliwe polepole, na isimuliwe mpaka mwisho. Walimu na wazazi wanapofika mahali mkeka unapofunuliwa na mikuki kuonekana, watoto hushangilia, na ni haki yao. Lakini wakifika penye kichwa, wasikimbilie sherehe za mfalme mpya. Wawaulize watoto: Bulanda alifanya nini siku ile? Nani alimzika mjomba? Mfalme mpya alilalaje usiku wa kwanza?

Hadithi ya Nkongolo ni nzuri, na kwa kutufundisha kujizuia yapita nyingi za Ulaya. Katika jambo moja imeshindwa na ile ya Thebes, kwa sababu ilinyamaza mahali ilipopasa kusema. Na watoto wakijibu vibaya, au wakikosa kujibu, si kitu. Swali lenyewe litakuwa limeingia nyumbani.